Masisi: Dume wa kuazima au mrija wa mbegu? Wafugaji wadogo wa Rubaya na hesabu ya siku 21

Ng'ombe jike akianza kulia tangu alfajiri, akaacha majani na kusimama kimya wakati wenzake wanampanda, mwenye naye hana muda wa kupoteza. Joto hilo hudumu saa 12 hadi 18 hivi, mara nyingine chini ya hapo. Likipita bila dume, ni kungoja karibu siku 21 nyingine. Katika fermu kubwa za Masisi jambo hili halimsumbui mtu, maana madume wanalala na kuamka ndani ya kundi. Lakini kwa mfugaji wa Rubaya mwenye ng'ombe wawili au watatu, ni siku ya mbio.

Tuchukue mfano wa ng'ombe anayetoa lita sita kwa siku. Akikosa joto mara mbili, ni siku 42 zimekwenda, na uzazi unaofuata unasogea mbele kwa siku hizo zote. Hizo ni lita 252 ambazo hazitaingia kwenye bidoni kwa wakati wake, hazitakuwa mashanza wala fromaji. Katika nyumba ambamo maziwa ndiyo yanalipa chumvi, sabuni na feza za shule, pengo hilo linaonekana mezani.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kila mmoja asifuge dume wake? Kwa sababu ni hasara. Dume aliyekomaa anatosha kuhudumia majike 25 hadi 30. Kumfuga kwa ajili ya majike wawili ni kulisha mdomo mkubwa usiotoa hata kikombe cha maziwa. Na dume mwenye damu ya Frisone si mnyama wa kuachiwa mtoto amchunge kwa fimbo. Wamekwisha kuua watu wazima, katika nchi nyingi na kwa miaka mingi.

Halafu kuna vita. Masisi imeonja mapigano tangu mwaka 1993, na kila wimbi limepita na ng'ombe wake: walioibwa, waliochinjwa, waliouzwa kwa bei ya haraka kabla ya kukimbia. Mji wa Rubaya wenyewe uko mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024, na Goma tangu Januari 2025. Familia ikihitaji feza ya ghafla, ni dume anayetangulia sokoni: ana nyama nyingi, tena hakamuliwi. Jike anabaki kwa ajili ya watoto. Ndiyo maana mtu anaweza kuona vilima vyenye majike na ndama, na asione dume karibu.

Ng'ombe wa vilima hivi ni mchanganyiko wa zamani. Kuna Ankole mwenye pembe ndefu, mvumilivu, mwenye maziwa machache lakini mazito. Kuna Frisone na ng'ombe wa kahawia wa milima ya Uswisi, walioletwa na wageni kwa ajili ya maziwa. Wakati wa ukoloni, taasisi ya kilimo ya Wabelgiji, INEAC, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilikuwa na kituo cha mifugo huko Nioka, Ituri, mahali pa baridi kama huku kwetu. Baadaye, hasa baada ya Mobutu kutangaza mwaka 1973 kwamba mali za wageni zinapewa Wazaire, mashamba mengi ya Masisi yaliangukia mikononi mwa watu wenye nguvu, na sehemu kubwa ikageuka malisho. Mpaka leo wenye makundi makubwa wengi wanaishi mjini. Mchungaji ndiye anaishi na ng'ombe.

Kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili anapotafuta dume, anaingia katika mapatano na mtu aliyemzidi. Jike anapelekwa kwenye fermu na kukaa huko siku moja au mbili, au dume anakuja kukaa kwa jirani kwa muda. Malipo yanategemea urafiki: feza, pombe, chumvi ya ng'ombe, siku za kazi ya kutengeneza ua, au deni la wema ambalo mwenye dume atalikumbusha siku yake. Mara nyingi hakuna kinachoandikwa, na ugomvi unaanza hapo. Jike asiposhika mimba, je, anarudi bila kulipa tena? Dume akivunjika mguu kwa jirani, ni mali ya nani iliyopotea? Akimjeruhi mtoto wa watu, nani anajibu?

Katika jambo hili wafuga mbwa wa ukoo wa Ulaya na Marekani wametutangulia. Kwao mapatano huwa kwenye karatasi. Kwa kawaida jike ndiye anasafiri kwenda kwa dume. Mwenye dume analipwa feza au anachagua mtoto mmoja, na jike asiposhika, mara nyingi anarudi bila malipo mapya. Kabla ya yote, pande zote mbili huonyesha majibu ya mganga wa mifugo kwamba wanyama wao hawana ugonjwa wa brusela. Kuna kipande kimoja tu ambacho hatuwezi kukichukua: jike la mbwa linaweza kuzaa watoto sita mara moja, kwa hiyo kutoa mmoja si kitu. Ng'ombe anabeba mimba zaidi ya miezi tisa na kwa kawaida anazaa ndama mmoja. Anayedai ndama wa kwanza kama malipo ya dume anadai mwaka mzima wa jirani yake.

Lakini karatasi ya mganga tungeichukua upesi. Dume anayetembea kutoka boma hadi boma anabeba zaidi ya mbegu. Kuna magonjwa mawili ya uzazi, trikomona na kampilobakta, ambayo dume huyaeneza kwa kupanda huku mwenyewe akiwa mnene, anang'aa, bila dalili yoyote. Majike ndio wanaoyaonyesha: wanarudi kwenye joto mara kwa mara, au mimba inatoka mapema bila mtu kuona. Mfugaji anadhani jike wake ni tasa, anampeleka machinjioni, kumbe tatizo liko kwa dume wa kijiji kizima. Brusela nayo inafanya mimba zitoke, zaidi kuanzia mwezi wa tano na kuendelea. Hiyo inamfikia hata binadamu, kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kushika mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, maumivu ya viungo: watu wengi wanaitibu kama malaria.

Na kuna damu. Dume mmoja akikaa kijijini miaka minne, majike wa pili anaowapanda ni mabinti zake mwenyewe. Ndama wanakuwa wadogo, dhaifu, na uzazi wenyewe unapungua. Kwa ng'ombe wetu, dume anapaswa kubadilishwa baada ya miaka miwili au mitatu hivi, kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Si lazima kumuuza. Vilima viwili vinaweza kubadilishana madume, mradi kila upande umejua afya ya mwingine.

Njia ya pili ni uhimilishaji, yaani kumtia jike mbegu bila dume kumpanda. Wengi wanafikiri ni mambo ya jana kutoka kwa wazungu wa maabara. Kumbe jaribio lililofungua njia lilifanywa karibu mwaka 1780 na padri Mwitalia, Lazzaro Spallanzani, tena kwa mbwa: jike alitiwa mbegu kwa bomba dogo, na baada ya siku 62 akazaa watoto watatu. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba gliserini inalinda mbegu zisife zikigandishwa. Tangu hapo dume hakuhitaji tena kusafiri, wala hata kuwa hai. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na kituo cha uhimilishaji huko Kabete tangu mwaka 1946, na leo wafugaji wadogo wa huko wanamwita mtaalamu kwa simu, anakuja na pikipiki.

Mbegu hukaa katika mrija mwembamba wa plastiki, wa robo au nusu mililita. Mrija unakaa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya majimaji, katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtaalamu anautoa, anauyeyusha katika maji ya vuguvugu, nyuzi 35 hadi 37, kwa karibu nusu dakika, kisha anaupitisha kwa kifaa kirefu hadi mlangoni mwa tumbo la uzazi. Hakuna dume wa kulisha, hakuna ugonjwa wa kupanda, na mfugaji anaweza kuchagua dume ambaye mabinti zake wanajulikana kwa maziwa.

Shida ni mtungi. Naitrojeni inapungua kila siku hata mtungi ukiwa umefungwa vizuri, lazima iongezwe. Rubaya hakuna kiwanda chake. Inapaswa kusafiri kwa barabara inayotoka Sake kupitia Mushaki, na anayeijua barabara hiyo wakati wa mvua, au wakati wa milio ya risasi, hahitaji maelezo. Mtungi ukikauka, mbegu zinakufa, na mrija uliokufa unafanana kabisa na ulio hai. Mfugaji analipa, anangoja, na baada ya siku 21 jike analia tena. Je, ilikuwa mbegu? Mkono wa mtaalamu? Saa mbaya? Hata mahali ambapo kila kitu kiko sawa, mara nyingi ni karibu nusu tu ya majike wanaoshika kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mtu mdanganyifu ana mahali pa kujificha.

Lakini mfugaji ana haki ya kuangalia. Mtaalamu huingiza kijiti cha kupimia ndani ya mtungi, na kikitoka, barafu nyeupe juu yake inaonyesha kiasi kilichobaki. Kwenye mrija pameandikwa namba au jina la dume, ukoo wake na tarehe. Mwombe akuonyeshe, na mrija mtupu ubaki kwako. Asiyekubali, mwache aende.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hata mtungi ukijaa leo, uhimilishaji hautakwenda mbali Masisi kabla ya kujibiwa swali moja: nani anaona joto? Kanuni ni kwamba jike aliyeonekana asubuhi anahimilishwa jioni, na aliyeonekana jioni anahimilishwa kesho asubuhi. Kwa ng'ombe anayefungwa nyumbani, mama mwenyewe anamwona. Kwa ng'ombe anayelishwa kilimani, anayemwona ni mchungaji, mara nyingi kijana anayelipwa kidogo, ambaye wenzake wamekwenda kuchimba koltani kwenye vilima vya jirani. Na majike wengi hupandana usiku au kabla ya jua kutoka, wakati hakuna mtu. Dume haulizi saa. Ndiyo sababu, kwa sasa, dume aliyepimwa na kubadilishwa kwa wakati ni msaada ulio karibu zaidi kwa watu wa Rubaya kuliko mrija.

Kwa njia yoyote, daftari la shule linatosha kuanzia: tarehe ya joto, dume gani au mrija gani, nani alishuhudia, kilicholipwa, na kama kuna kurudia bila malipo. Jike aliyepandwa tarehe 1 Juni anatazamwa kwa makini kuanzia tarehe 19 hadi 24 ya mwezi huo. Akinyamaza, kuna matumaini. Mganga wa mifugo anaweza kumpima kwa mkono baada ya miezi miwili au mitatu na kuthibitisha. Ataachwa kukamuliwa mwanzoni mwa Januari, na ndama anangojewa karibu tarehe 11 Machi. Daftari likae kwa anayelala karibu na ng'ombe, si kwa mwenye ng'ombe aliye Goma.