Dege la Ghorofa Mbili, Tumbo Moja

Kwenye kipindi cha wiki hii tulianza na maonesho ya Pazhou, tukaishia kugombana kuhusu ndege. Mwenzangu anasema kustaafisha yale madege ya ghorofa ni dhambi, bora yangekarabatiwa. Mimi nikasema inategemea unaliangalia dege ukiwa umekaa dirishani au ukiwa umesimama kwenye mizani ya mizigo. Muda ukatuishia, kwa hiyo namalizia hapa.

Kwa ambao hamjafika: Pazhou ni kisiwa kwenye Mto Pearl, ndani ya jiji la Guangzhou. Ndiko yanakofanyika Maonesho ya Canton, yale yaliyoanza 1957 na ambayo huja mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na Oktoba. Ukisikia mama wa Kariakoo au wa Eastleigh anasema "naenda China", kuna uwezekano mkubwa anaenda mji huu. Mama yangu amezunguka kumbi zile mara nyingi kuliko anavyokumbuka, miguuni raba, begani mfuko wa katalogi, mkononi kalkuleta.

Shirika lenye makao yake Guangzhou ni China Southern. Oktoba 2011 lilipokea A380 yake ya kwanza, na mwishowe likawa nazo tano, kila moja na siti 506. Mwanzoni zilipangiwa safari za ndani, Guangzhou na Beijing, jambo ambalo ni kama kununua basi la Mwanza halafu ukaliweka njia ya Posta–Mwenge. Baadaye zikaenda Los Angeles, Sydney na Amsterdam. Hata kwenye korona ziliendelea kuruka, na kwa sababu nzuri tu: China iliruhusu kila shirika safari moja kwa wiki kwa kila nchi, na kama umepewa safari moja, si unapeleka dege kubwa kuliko yote uliyo nayo? Halafu Novemba 2022 za mwisho zikaacha kubeba abiria.

Hapo ndipo mwenzangu aliponikaba. Januari 2023 China ikaondoa karantini, na Aprili watu wakarudi Pazhou kwa miguu yao baada ya maonesho kuwa kwa sehemu kubwa ya mtandaoni tangu 2020. Yaani shirika limeaga madege yake miezi miwili tu kabla mlango haujafunguliwa! Lufthansa ilikuwa imeziegesha za kwake Teruel, Uhispania, kila mtu akijua basi tena, lakini 2023 ikaanza kuzirudisha angani. Na Emirates, mwezi uleule wa Novemba 2022, ilianza kazi ya kufumua ndege 120 na kuzisuka upya kwa ndani, 67 kati yake zikiwa A380. Siti mpya, mazulia mapya, na daraja la kati kwa wale ambao la biashara hawaliwezi na la kawaida limewachosha.

Nakubali, ratiba hiyo inauma. Ila tufanye hesabu kidogo.

Emirates wana A380 zaidi ya mia moja. Ukishabuni siti mpya na kuithibitisha kwa wakaguzi wa usalama, gharama ile unaigawa kwa ndege nyingi. Wa tano atagawa kwa ngapi? Hata fundi, vipuri, mafunzo ya marubani, vyote ni vilevile: kundi dogo la ndege za aina ya peke yake ni kama kufuga ng'ombe mmoja halafu umwajirie daktari wake. Injini nne zinakunywa mafuta kuliko mbili, na kiwanda chenyewe kimeshaacha, kwani A380 ya mwisho ilikabidhiwa Desemba 2021. Dubai, abiria wa Dar, wa Manchester na wa Karachi wanakutana na kulijaza dege kila siku. Guangzhou wakati wa maonesho hata chumba cha hoteli ni shida, lakini ukinunua dege kwa ajili ya Aprili, Juni litakula nini?

Sasa kile ambacho hatukukifikia kwenye kipindi. Nilipanda A380 mara ya kwanza na mama, miaka michache kabla ya korona, kutoka Dubai kwenda Guangzhou. Mimi nilikuwa nimebandika uso dirishani. Mama akaangalia ile ngazi ya kwenda juu, akauliza, "Watu wote hawa, mabegi yao yanakaa wapi?"

Nilicheka. Miaka baadaye nikagundua ameuliza swali la kihandisi kabisa. A380 ina sitaha mbili za abiria, ila tumbo ni moja. Watu mia tano wakishaweka mabegi yao, nafasi inayobaki kwa mzigo wa kulipiwa ni ndogo kuliko ya Boeing 777-300ER, ambayo ina injini mbili na abiria wachache zaidi. Ndiyo maana pia mpango wa kuunda A380 ya mizigo ulikufa hata kabla haijajengwa moja. Boeing 747 ikizeeka unaweza kuigeuza ya mizigo ikapata maisha ya pili. A380 ikikosa abiria, imekosa kazi. Mbili za kwanza zilizotumiwa na Singapore Airlines zilikatwakatwa Tarbes, Ufaransa, zikiwa na kama miaka kumi tu ya kazi.

Kwa hiyo China Southern walipobaki na 777, 787 na A350, mtu wa mizani hakupoteza kitu. Pengine alipata.

Ila msinielewe vibaya, sisemi kipya ndiyo dawa. Kenya Airways walikuwa na 777-300ER tatu, wakaona ni kubwa mno kwao, 2016 wakazikodisha kwa Turkish Airlines, wakabaki na Dreamliner. Nusu ya kwanza ya 2025, Dreamliner tatu kati ya tisa zikawa zimelala chini kwa shida ya injini, na shirika likatangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 12. Ndege ndogo, ya kisasa, na bado abiria anahangaika.

Air Tanzania nao walifungua Guangzhou 2021 kwa Dreamliner, na mama alifurahi kama aliyezaliwa upya, sio kwa sababu ya ndege, bali kusalimiwa "shikamoo" mlangoni akiwa bado yuko China.

Jana nilimpigia nikamweleza ugomvi wetu, nikamuuliza yeye angekarabati au angestaafisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasema: "Haya mwanangu. Sasa hiyo iliyokarabatiwa, inaruhusu begi mbili za kilo 23 au moja?"