Je, Wajua? Carole King, Mtunzi Aliyewatangulia Waimbaji Wake
Je, wajua ya kuwa Carole King wa Marekani, kabla sauti yake mwenyewe haijavuma, ndiye aliyekuwa akiwatungia wengine nyimbo zilizowapa sifa? Yeye akibuni lahani na mumewe, Gerry Goffin, akinadhimu maneno, waliwapa The Shirelles wimbo uliotamalaki chati za nchi hiyo mwaka 1961; na hata yaya wao, Little Eva, wakamwimbisha, naye akashika nafasi ya kwanza mwaka uliofuata. Hatimaye, mwaka 1971, katika albamu ya Tapestry, King aliuimba mwenyewe ule wimbo wa The Shirelles, pamoja na mmoja waliomtungia Aretha Franklin, kwa utulivu wenye kugusa moyo, akijipigia piano. Na albamu hiyo ikakaa kileleni majuma 15.