Sura ya Saba: Gari la Auto Linalogoma Likitaka

Magari yenye ugonjwa wa leo linawaka kesho linagoma hunifikia yakiwa yameshapita gereji mbili tatu. Yameshabadilishiwa plagi, pampu ya mafuta, mara nyingine hata kontroli boksi. Siku hizi kila mtu ana mashine ya kupimia, na mashine isipoonyesha kosa basi eti gari halina kosa. Swali lisiloulizwa ni dogo tu: ukipiga stata, injini inazunguka au haizunguki? Inazunguka bila kuwaka, haya, tuzungumzie mafuta na plagi. Haizunguki kabisa, plagi zinaonewa bure.

Sura hii ni ya injini isiyozunguka, na nimeipanga kwa sauti tatu.

Ya kwanza ni tatatata ya haraka huku taa za dashibodi zikififia. Umeme hautoshi. Betri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, husoma volti 12.6 hivi; ikiwa chini ya 12, imekwisha. Mwenzako apige stata huku ukiangalia mita: ikianguka chini ya 9.6, mshuku betri kwanza. Ikishikilia vizuri, safisha vichwa vya betri na ukague waya wa ethi. Msitafute watu wa kusukuma. Pampu ya giaboksi ya auto huendeshwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezima hakuna presha ya oili ya kushika gia, kwa hiyo mtasukuma hadi Chalinze.

Ya pili ni ‘ta’ moja nzito, kisha kimya. Hapo vipande vya shaba ndani ya stata vimeliwa na cheche, mara vinagusa, mara havigusi. Ndiyo maana anayegonga stata kwa spana huonekana mganga. Kwenye stata za Denso, zilizojaa kwenye Toyota zetu, vipande hivyo huuzwa peke yake. Huna haja ya kununua stata nzima.

Ya tatu ni ukimya, na humo ndimo wanamoingia majini.

Mteja mmoja aliniambia, “Fundi, hili gari linawaka kila mahali isipokuwa kwa wakwe zangu.” Ukweni kwake ni Lushoto. Alishaambiwa kuna kitu kimezikwa getini, na alishalipa kifukuliwe. Nilimuuliza jambo moja tu: pale getini pana mteremko? Alinitazama kana kwamba nami nimepiga ramli.

Gari la auto lina swichi ya nyutro, ubavuni mwa giaboksi, pale shafti ya mkono wa gia inapoingilia. Umeme mdogo unaoiamrisha stata hupitia humo, na njia hufunguka kwenye P na N peke yake. Ukiifungua utakuta kibati cha shaba kinachoteleza juu ya vijia vyembamba, na grisi ambayo kwa umri imekuwa nyeusi na kukauka mithili ya lami. Wanaoosha injini kwa maji ya presha huyasukumia humo humo. Swichi hushikwa na bolti zinazopita kwenye matundu marefu ili iweze kurekebishwa, na fundi akishusha giaboksi akairudisha bila kuipanga swichi, inakaa ukingoni mwa P.

Ya huyu ilikaa ukingoni, na mpira wa kushikilia injini ulikuwa umekatika. Getini aliweka P, akaachia breki bila kuvuta handibreki, gari likarudi kidogo na kulalia kijino cha kufungia giaboksi. Injini ikainama, kebo ya gia ikavutika, shafti ikasogea kidogo sana, njia ya umeme ikakatika. Kwenye tambarare, mambo safi. Tulilipeleka mteremkoni nyuma ya gereji, likagoma. Nikamwambia akanyage breki, aweke N, apige tena. Likawaka. Nikalegeza bolti, nikapanga swichi, nikabadilisha mpira. Kilichozikwa getini, kama kipo, bado kipo.

Basi gari likinyamaza kwenye P, jaribu N kabla hujampigia mtu simu. Angalia pia taa za rivasi. Kwenye magari mengi zinatumia swichi hiyo hiyo, nazo zikiwaka zinapotaka, umeshampata mtuhumiwa. Gari la kitufe, hakikisha taa za breki zinawaka ukikanyaga, maana bila swichi ya breki halitaki kusikia. N ikikataa pia, fundi aweke taa ya testa kwenye waya mwembamba wa stata wewe ukiwasha: ikiwaka, kosa liko kwenye stata, isipowaka, arudi nyuma kwenye relei na swichi ya funguo.

Akikwambia ataruka swichi ya nyutro na kuunganisha moja kwa moja, chukua funguo zako uondoke. Gari hilo litawaka likiwa kwenye D, na litaruka mbele siku ambayo mtoto ameachiwa funguo.