Kunguru wa Nuhu Ana Neno

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wapwa zangu. Nani kati yenu amewahi kupanda basi la Iringa? Likishapita Doma, barabara inaingia katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kilomita 50 hivi. Unachungulia dirishani: swala, pundamilia, twiga. Lakini dereva haachi lami. Hata twiga ampungie shingo, haachi lami.

Mjomba akisimulia habari za Biblia hufanya vivyo hivyo. Kitabu ndiyo lami. Hadithi yangu ndiyo hiyo ya kuchungulia dirishani.

Leo tunakwenda kwa Nuhu. Na sisi wa Kilosa, nani atufundishe mafuriko? Mvua inanyesha kwa wenzetu Mpwapwa, sisi huku ndio tunaolowa. Mwishoni mwa 2009 hadi Januari 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta ukaingia mjini. Reli ikaharibika. Watu wakahamia kwenye mahema. Ninyi hamkuwepo, waulizeni mama zenu.

"Mjomba, safina ilikuwa kubwa kama nini?"

Swali zuri! Dhiraa 300 kwa urefu. Nyosha mkono: kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, hiyo ni dhiraa moja. Haya, pimeni ua huu.

Wakapima kwa kutambaa, mpaka kuku wakakimbia. Dhiraa 22. Basi jueni: safina ingepita uwanja wa mpira, na bado mkia ungebaki nje.

"Na Nuhu alisema nini mvua ilipoanza?"

Hapo sasa! Leteni Biblia. Fungueni Mwanzo, kitabu ambacho mmisionari Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kwa Kiswahili huko Mombasa mwaka 1844. Tafuteni. Tangu Nuhu anaambiwa ajenge mpaka anatoka safinani, mmeona neno lake hata moja? Hakuna. Anajenga, anapaka lami, anapakia wanyama, kimya.

Palipo kimya ndipo pa kuchungulia dirishani. Na leo anayechungulia nasi ni Kunguru. Msikilizeni.

"Kwaa! Kila siku njiwa, njiwa! Njiwa mmemchora na jani lake mdomoni. Mimi je? Nani alitangulia kutoka? Mimi! Nuhu alifungua dirisha, akanirusha. Maji mbele, maji nyuma. Nikaruka. Nikachoka. Nikatua juu ya paa. Nikaruka tena. Nikachoka tena. Siku moja nikaona tope. Tope tu, linang'aa juani kama tope la Mkondoa maji yakishuka. Nikakaa kimya."

"Kwa nini hukumwambia Nuhu?"

"Nani aliniuliza? Njiwa aliporudi, Nuhu alinyosha mkono akampokea, akamwingiza ndani. Mimi sikunyoshewa mkono. Kwaa!"

Watoto wakacheka. Mmoja hakucheka. Huyo nampenda sana, maana hakubali kitu mpaka akigeuze chini juu kama sufuria inayovuja.

"Mjomba, hayo yote yameandikwa?"

Swali tamu hilo, tamu kama embe dodo! Tupange. Kunguru kutangulia? Lami. Kunguru kwenda na kurudi mpaka maji yakauke? Lami. Njiwa kutumwa mara tatu, na Nuhu kunyosha mkono? Lami. Kutua juu ya paa? Dirishani. Lile tope, na kile kinyongo? Dirishani.

"Na kunguru kuongea?"

Ah, hapo mjomba alitoa kichwa chote nje. Kondakta angenigombeza.

"Basi umetudanganya."

Ningewadanganya kama tungekuwa porini nami nikaapa tuko juu ya lami. Mimi nimewaonyesha lami iko wapi. Wapo wasimulizi wasioonyesha, na msikilizaji akikua anatafuta kile kinyongo cha kunguru kwenye Mwanzo, hakioni, anaanza kushuku hata njiwa. Hao siwapendi. Ukichungulia, sema unachungulia.

Yule mdogo wa mwisho alikuwa amekaa juu ya kinu, ananyonya muwa. Akautoa mdomoni.

"Mjomba, mke wa Nuhu aliitwa nani?"

Tukafungua tena. Nuhu yupo. Shemu, Hamu na Yafethi wapo, na majina yao. Mama yao yupo, lakini jina hakuna.

"Kwa hiyo dirishani?"

Dirishani.

Akafumba macho. Akafikiri, akafikiri, mpaka muwa ukaanza kudondosha maji kwenye goti.

"Aliitwa Mama Shemu," akasema. "Na kila asubuhi, Nuhu akiwa bado amelala, alikuwa anapanda juu ya paa kumpelekea kunguru ukoko."