Mkono wa remorke upimwe kabla ya safari



Wakati wa mavuno, barabara ya Kabambare na Kasongo inajaa mizigo. Kuko wanaosukuma kinga zenye bidoni za mawese, kuko wanaopakia magunia ya mchele na karanga juu ya pikipiki, na kuko wale wanaofunga remorke ndogo ya magurudumu mawili nyuma ya pikipiki. Remorke ni msaada mkubwa. Lakini ikipakiwa vibaya, njo yenyewe inamtupa dereva chini.

Siku moja nilikuwa nyuma ya kijana mmoja aliyevuta remorke yenye magunia mawili ya mchele, kilo 50 kila moja. Kwenye mlima alipanda vizuri. Alipoanza kushuka, remorke ikacheza kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha ikacheza sana. Akakamata freni kwa nguvu. Pikipiki ikaanguka upande huu, remorke upande ule, na gunia moja likapasuka ndani ya matope. Kijana aliumia goti tu, tumshukuru Mungu. Mama mwenye mchele alifika nyuma kwa miguu. Akakaa chini, akaanza kuokota.

Nikamuuliza kijana: "Ndugu, magunia uliyaweka wapi?"

"Nyuma kabisa, mzee. Nilitaka pikipiki isisikie uzito."

Mama akasema: "Mwanangu, pikipiki haikusikia uzito. Mimi njo nimeusikia."

Kosa la yule kijana tunalifanya wengi. Kwa hiyo tuongee juu ya fasi ya kuweka mzigo.

Juu ya nini remorke inacheza?

Remorke ya magurudumu mawili ni sawa mizani. Magurudumu yako katikati. Mbele kuko mkono, ile chuma inayofungwa kwenye pikipiki. Ukiweka mzigo mbele ya magurudumu, mkono unasukumwa chini. Ukiweka nyuma, mkono unainuka.

Mkono ukiwa mwepesi sana, remorke haishikwi vizuri. Shimo moja tu au upepo wa gari inayopita unaisukuma pembeni, inarudi, inapita upande wa pili, na kila mara inazidi. Kwenye mtelemko ni mbaya zaidi, kwa sababu mzigo unaisukuma pikipiki kutoka nyuma. Mkono ukiwa mzito sana, kuko hatari ingine: gurudumu la mbele la pikipiki linakuwa jepesi, usukani haukamati njia, na mpira wa nyuma unapasuka haraka.

Kanuni ni hii: mkono ubebe sehemu moja ya kumi ya uzito wote, na usipite sana hapo. Uzito wote maana yake remorke pamoja na mzigo. Kwa kila kilo 100, mkono uwe na kilo 10 mpaka 15.

Namna ya kupima

Hamuhitaji kununua kitu. Mizani ile ya kupimia mpunga kwenye depo inatosha.

1. Simamisha remorke yenye mzigo kwenye fasi iliyo sawa. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu.
2. Weka kipande cha mti juu ya mizani na uandike uzito wake.
3. Laza mkono wa remorke juu ya ule mti. Urefu kutoka chini uwe sawa na ule wa wakati umefungwa kwenye pikipiki.
4. Soma namba, toa uzito wa ule mti. Inayobaki njo uzito wa mkono.

Kama mko na mizani ya kutundika, ifungeni kwenye tawi lenye nguvu na mtundike mkono hapo.

Tufanye hesabu ya remorke moja. Ikiwa tupu ina kilo 50, na mkono wake una kilo 6. Kutoka fasi ya kufungia mpaka magurudumu ni sentimeta 200. Tunapakia magunia mawili, kilo 100. Uzito wote ni kilo 150, kwa hiyo mkono unapaswa kuwa na kilo 15 mpaka 22.

Katikati ya mzigo ikiwa sentimeta 20 nyuma ya magurudumu, mkono unapoteza kilo 10. Kutoka 6, toa 10: mkono unataka kuinuka, na remorke inavuta nyuma ya pikipiki kwenda juu. Hapo njo kuanguka. Tukisogeza magunia yaleyale mpaka katikati yake ifike sentimeta 20 mbele ya magurudumu, mkono unaongezeka kilo 10 na kuwa na kilo 16. Mchele ni uleule, barabara ni ileile. Tumesogeza sentimeta 40 tu.

Vizito vikae chini, vyepesi juu, na kushoto kuwe sawa na kulia. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina karibu kilo 18, basi ihesabuni pia. Bidoni isiyojaa, mafuta yanacheza ndani. Afadhali kujaza moja kabisa kuliko kubeba mbili nusunusu. Kisha fungeni kwa kamba au mpira mbele, nyuma na pembeni. Mzigo uliopimwa vizuri halafu ukateleza nyuma njiani ni sawa haukupimwa.

Kuko chuma cha kugawanya uzito?

Wanamemba wenye jipu wanauliza swali hili. Ni kweli kipo. Marekani watu wanavuta nyumba ndogo za magurudumu kwa gari. Mkono ukiwa mzito, nyuma ya gari inashuka, mbele inainuka, na usukani unakuwa mwepesi. Kwa hiyo wanafunga kiungo chenye vyuma viwili vinavyopindika kidogo na kurudi, sawa springi. Vyuma hivyo vinakazwa kwa minyororo, na nguvu yake inarudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele ya gari na sehemu ingine kwenye magurudumu ya remorke.

Lakini chuma hicho hakipunguzi hata kilo moja ya mzigo, na hakiponyi mzigo uliowekwa nyuma. Tena kimetengenezwa kwa gari, hakifai kwa pikipiki. Kwa siye tunaovuta kwa pikipiki, dawa ni kusogeza magunia.

Mkiwa njiani

Simameni kisha kilometa ya kwanza, mwangalie kamba, kiungo na upepo wa mipira. Kabla ya mtelemko ingieni vitesi ya chini, msingoje katikati. Remorke ikianza kucheza, usiongeze mafuta na usikamate freni kwa ghafula. Acha gazi polepole, shika usukani uende sawa, ingoje ipunguze mwendo. Kisha simama usogeze mzigo mbele. Usiseme "tutafika tu."

Tena kilo za mkono zinabebwa na pikipiki. Kwa hiyo msiongeze abiria nyuma ya dereva. Na mzigo ukizidi nguvu ya pikipiki au freni zake, kuusogeza hakusaidii. Pelekeni magunia mawili leo, mawili kesho.

Kazi ya koperative

Mzigo wa remorke si wa dereva peke yake. Ndani yake kuko jasho la familia, na pesa ya masomo ya watoto. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila remorke ipimwe ikiwa tupu, na uzito wake uandikwe kwa rangi ubavuni. Pili, kwenye depo kuwe na daftari. Kabla remorke haijatoka, mwenye depo aandike uzito wote na uzito wa mkono, na dereva atie sahihi. Mkono ukiwa chini ya sehemu moja ya kumi, remorke haitoki.

Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Yule mama aliokota mchele mpaka jioni, na ule uliolowa hakuuza.