Kutetea Ajira za Serikali: Funzo la Jimbo la Maine

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya Serikali ikifutwa, hasara ni ya aliyeachishwa na watoto wake tu. Fikra hiyo si sahihi. Tuchunguze hali halisi ya Jimbo la Maine, Marekani.

Mshahara wa mtumishi wa Serikali Kuu hutokana na kodi ya nchi nzima, lakini hutumika pale anapoishi. Hulipa pango, hununua chakula, na sehemu yake huendesha shule za mji. Ukikauka, muuza duka naye huyumba, ingawa hakuajiriwa na Serikali.

Vita Baridi vilipokwisha, Marekani ilipunguza kambi zake. Ili kila mbunge asivutie kwake, sheria ya 1990 iliunda tume ya kupitia mapendekezo ya Wizara ya Ulinzi. Rais na Bunge walikubali au kukataa orodha nzima. Hivyo kambi ya ndege ya Loring, katika wilaya ya wakulima wa viazi ya Aroostook, iliamuliwa kufungwa mwaka 1991, ikafungwa 1994.

Mwaka 2005 ikaja zamu ya karakana ya nyambizi iliyoko Kittery, yenye wafanyakazi raia zaidi ya 4,000. Wafanyakazi na wananchi wa Maine na jimbo jirani la New Hampshire walisimama pamoja. Hawakulia njaa tu, maana sheria ilitanguliza thamani ya kijeshi. Walionyesha ustadi wao katika kazi. Tume ikaibakiza karakana. Lakini tume hiyo hiyo iliamua kufunga kambi ya ndege ya Brunswick, nayo ikafungwa mwaka 2011. Umoja ni wa lazima, ila peke yake hautoshi.

Tena, baada ya Loring, Limestone ilipata ofisi ya hesabu ya Wizara ile ile. Mwaka 2005 nayo ilipendekezwa kufungwa, ikaokolewa na tume. Mji ulikuwa umebadili kazi bila kubadili bwana.

Hapa ndipo penye mgongano. Mfanyakazi anayetetea mkate wake si adui wa amani. Kosa ni la mpango unaoutundika mkate huo kwenye silaha. Kwa hiyo, kutetea ajira kuna sehemu mbili: kuzilinda zilizopo leo, na kujenga kazi nyingine kabla amri ya kufunga haijafika. Anayefanya la kwanza tu anaahirisha msiba. Anayengoja la pili huku akiacha la kwanza anawatosa wafanyakazi.