Kadi iliyobaki Nyarugusu

JUMAMOSI alasiri, chini ya mwembe wa shule yetu hapa Rumonge, tulikaa watu wazima wanne kwenye baraza la kupandisha madaraja ya skauti. Mbele yetu alisimama kijana wa miaka 14, skafu imekunjwa vizuri, mikono mitupu. Kadi yake ya majaribio ilibaki kambini Nyarugusu siku familia ilipopanda basi la kurejea Burundi.

"Aanze upya, mwalimu," alisema mwenzangu mmoja. "Bila sahihi hatuna ushahidi."

Neno hilo nalijua. Nilizaliwa katika makazi ya Katumba, Tanzania, nikasoma huko kwa Kiswahili hadi chuo cha ualimu, nikarejea mwaka 2008. Ofisi moja iligeuzageuza vyeti vyangu kisha nami nikaambiwa nianze upya. Nawe ndugu msomaji, uliyerejea au unayevusha mawese na khanga mpakani, huenda umeyaonja hayo kwa karatasi moja tu iliyokosekana.

Mwenye mtoto skauti ajue utaratibu ulivyo katika kundi letu. Mtoto hujifunza ahadi na sheria ndipo avishwe skafu. Baadaye huja Daraja la Pili, halafu la Kwanza. Kila jaribio lina sahihi yake: mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, dira, kupika. (Kwa mafundo, watoto wa wavuvi wanatushinda sisi walimu.) Anayefundisha mara nyingi ni kiongozi wa kikosi, mtoto mwenzao anayeongoza watoto sita hadi wanane, anayepima ni mtu mwingine. Mambo haya ni ya zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1908, Baden-Powell alitaka skauti wa Daraja la Pili awashe moto kwa njiti zisizozidi mbili.

Sahihi ikishatiwa, jaribio limekwisha. Baraza halipimi tena, linazungumza na mtoto: umejifunza nini, wapi ulishindwa, kiongozi wako anakutendea haki? Swali hilo la mwisho viongozi wengi hawalipendi, maana hapo wanapimwa wao. Kwa skauti wa Marekani, kiongozi wa kundi hawi mjumbe wa baraza. Sisi tu wachache, hivyo wetu hukaa, ila hapigi kura. Asiyekuwa tayari haambiwi ameanguka. Huelezwa kilichobaki na kupewa tarehe.

Siku ile tulivunja kanuni yetu. Tulimpa kamba, kitambaa na kiberiti. Akauliza kama anaweza kujibu kwa Kiswahili, kwani majina ya Kifaransa hayajui. Tukamruhusu. Mafundo alifunga bila kutazama, mkono wa mwenzake akautundika shingoni kwa kitambaa. Kuni zilikuwa zimenyeshewa asubuhi na njiti ya kwanza ikazimika. Hakukimbilia ya pili. Alipasua gogo, akachonga vipande vya ndani vilivyo vikavu, akavipanga taratibu. Ndipo akawasha.

"Nani alikufundisha?" aliuliza yule mwenzangu.

"Dada yangu. Bado yuko kule."

Dira ilimshinda, tukampa wiki tatu. Kadi mpya tuliiandika palepale, na sahihi ya kwanza ilitiwa na yule aliyetaka aanze upya.